Majivu Mengi

Ukurasa wa arubaini na moja, mfano wa kinaya:
*Fulani ana majivu mengi.*
Nikaandika ubaoni kama nilivyoandikiwa,
kama alivyoandikiwa aliyeniandikia.
Majivu mengi, basi kuni nyingi;
kuni nyingi, basi vyungu havishuki;
vyungu havishuki, basi wageni hawakatiki.
Kwa hiyo Fulani ni mkarimu.
Wasichana thelathini na wawili wakainama, wakanakili.

Nyuma ya darasa, chini ya kiyoyozi kinachokoroma,
Bi Thuweiba mkaguzi, fomu juu ya goti,
akatia tiki.

Ndipo Ghaniya, mkono haujanyooka sawasawa:
"Mwalimu, sisi tuna jiko la umeme.
Baba ndiye bakhili?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka.
Nilikuwa nimeyagawa majivu yale miaka kumi na moja
katika mji huu wa Ibra, ambako moto pekee niuonao
ni wa shuwa, siku za Idi, nao huzikwa shimoni,
na majivu yake hayahesabiwi na mtu.

Nikamkumbuka mama, aliyekuja huku kutoka Wete
na masanduku mawili na ulimi wake wote.
Yeye hakusomeshwa balagha. Akitaka kumsema jirani
husema tu, "Sufuria yake haina ukoko,"
nasi watoto tukajua: wali wa pale hupimwa kwa kikombe.
Sasa anapikia chungu kisichoshika.
Hata ukoko umetuhama.

Nikafuta ubao. (Kalamu ya mkaguzi ikasita.)
Fungeni kitabu, nikasema. Nipeni majivu ya kwenu.

Kimya. Kiyoyozi peke yake kikijibu.
Kisha Sheikha: "Kwa babu, kapeti la majlisi limelika mlangoni."
Mwengine: "Kwa shangazi, vikombe vya kahawa havifanani,
ni mabaki ya seti tatu."
Wakabishana: huo ni ukarimu, au ni watoto watundu?
Mmoja akasema nyumba yao ni kama bahari.
Hiyo ni tashbihi, nikamwambia, tena imechoka,
iache ikalale.
Mwengine akatoa fumbo, akaanza kulifafanua,
na Ghaniya akamkata: "Kinaya ukiishika mkono
ukaivusha barabara, si kinaya tena."
Sikumfundisha hilo. Kitabu pia hakikumfundisha.

Muzna, ambaye tangu muhula uanze sikujua sauti yake,
akasema, kama mtu anayerudisha chenji:
"Kwetu, kengele ya mlango bado ina nailoni yake ya dukani."

Hakuna aliyeomba ufafanuzi.
Sheikha, hodari wa kubisha, alifungua mdomo, akaufumba.
Nikatafuta istilahi. Ninazo nyingi, nimezilipia ada:
zote zilisimama pale nje ya mlango ule,
hata moja haikuthubutu kubonyeza.

Ripoti ilikuja baada ya wiki mbili, ina muhuri:
*Mwalimu alitoka nje ya kitabu.*
Nimeisoma mara kadhaa,
sijui kama ni uhakika au kinaya.

Mtihani ukafika. Swali la sita, majivu.
Mwongozo wa kusahihisha: ukarimu, alama mbili.
Muzna ameandika, hati safi, mstari haukupinda:
*ukarimu.*
Nikampa mbili zake. Sijawahi kutoa alama
zilizonikaa kooni kama zile.
Ghaniya ameandika: *Inategemea jiko.*
Mwongozo: sifuri.

Chai ikapoa, kalamu nyekundu ingali hewani.
Mama, aliyekuwa akikunja nguo, akauliza nina nini.
Nikamsomea jibu, kwanza kwa Kiarabu,
kisha kwa lugha yetu.
Akacheka mpaka kanzu ikamponyoka.
"Huyo mpe ukoko."

Ukoko ni alama ngapi, mama?

Hakunijibu. Alikuwa keshainuka
kwenda kukiosha kile chungu kisichoshika.